Heshima Haikai Kwenye Ncha ya Kiatu

Katika mtaa kama Hamugembe, mjini Bukoba, mkoani Kagera, Mkristo na Mwislamu huishi ukuta kwa ukuta, na kila mmoja ana desturi yake ya miguu anapomwendea Mungu. Mwislamu huvua viatu mlangoni mwa msikiti. Mkristo huvipiga rangi tangu Jumamosi jioni, akaingia navyo hadi mbele ya altare. Wote wawili wanamjua Musa, aliyeamriwa kuvua viatu vyake mbele ya moto wa Mungu. Kisa hicho kimo katika Biblia na kimo katika Kurani. Kama uchaji ungekaa ndani ya kiatu, mmoja wa majirani hawa angekuwa anamkosea Mola wake kila wiki, na hakuna mwenye akili timamu anayefikiri hivyo. Hata hivyo mtu mwenye kinundu cha kidole gumba, au mwenye miguu inayovimba, au mwenye kisukari kilichomtia ganzi nyayoni, akiingia kanisani au ukumbini na viatu vipana vya wazi, macho ya watu humwanzia chini. Je, heshima tunayodaiana ina haki ya kumdai mtu maumivu asiyoweza hata kuyataja? Nasema haina, na nasema hivyo bila kuidharau heshima yenyewe.

Kuidharau kungekuwa kosa. Wapo wanaosema kiatu ni kiatu tu, vaa chochote uende. Historia ya pwani yetu inawakatalia. Unguja, katika zama za utumwa, mtumwa alikatazwa kuvaa viatu na kofia. Utumwa ulipofutwa kisheria mwaka 1897, waliokuwa watumwa walianza kujivika alama zile zile walizonyimwa. Katika mfano wa mwana mpotevu pia, baba anaagiza mwanawe apewe viatu, kwa sababu mtoto wa nyumba haendi peku kama mtumwa. Kiatu cha shughuli kinasema: mimi ni mtu, na nimejiandaa kwa ajili yenu. Maneno hayo ni ya kweli na yanastahili kulindwa. Lakini angalia yanavyosemwa. Yanasemwa na ngozi iliyopigwa brashi, kamba zilizofungwa, soli isiyo na tope, na katika mji wenye mvua nyingi kama Bukoba kufika na kiatu safi si kazi ndogo. Hayasemwi na ncha nyembamba wala na urefu wa kisigino.

Tuutazame mguu wenyewe. Mguu wa binadamu ni mpana zaidi karibu na vidole, ilhali kiatu cha shughuli, cha kike na cha kiume, mara nyingi huanza kuwa chembamba hapo hapo. Kidole gumba husukumwa kuelekea wenzake, na kiungo chake hutokeza pembeni kikasuguliwa. Mchuchumio huutoa uzito wa mwili kisiginoni na kuutupa chini ya vidole. Ukipiga magoti kanisani ukiwa na kiatu cha ngozi ngumu, mkunjo wa ngozi huangukia juu ya kiungo kile kile kinachouma. Mguu nao huvimba kadiri siku inavyosonga, kwa hiyo kiatu kilichojaribiwa asubuhi sokoni hubana jioni kwenye sherehe. Cha mtumba kina tatizo la ziada, kwamba kimekwisha kulainika kwa kufuata mguu wa mtu mwingine. Haya yote angalau yanauma, na maumivu humwonya mtu. Mwenye kisukari cha muda mrefu anaweza kulikosa onyo hilo. Asiyehisi nyayo zake huona kiatu cha saizi yake kinapwaya, akachagua kidogo zaidi ili ahisi amevaa. Jioni anavua na kukuta soksi imegandana na kidonda, wala hajui kilianza saa ngapi. Daktari Paul Brand, aliyefanya kazi Vellore nchini India kuanzia miaka ya 1940, alionyesha kwamba vidonda vya nyayo vya wagonjwa wa ukoma vilitokana sana na mguu usiohisi kugandamizwa na kuumizwa tena na tena. Mguu wa kisukari uliokufa ganzi huumia kwa njia hiyo hiyo. Kumwambia mtu kama huyo avumilie ni kumwambia avumilie kitu asichokihisi, mpaka siku atakapoambiwa kidole kikatwe.

Hoja nzito zaidi dhidi yangu inatoka katika maandiko. Injili ya Mathayo ina mgeni aliyetolewa karamuni kwa kukosa vazi la harusi, na Sura ya Al-A'raf inawaagiza wanadamu kujipamba kila waendapo kusali. Basi vazi lina uzito mbele za Mungu! Nakubali lina uzito. Ila yule mgeni aliulizwa kwanza, akakosa la kusema. Mwenye kidonda analo la kusema. Sisi ndio tusiomuuliza. Kurani nayo inamwondolea lawama kipofu, kiwete na mgonjwa zaidi ya mara moja, na wanazuoni wa fikihi wameruhusu tangu kale mwenye bandeji apanguse juu yake badala ya kuosha kiungo kilichojeruhiwa. Ikiwa udhu wenyewe unaupisha mguu mgonjwa, kiatu cha harusi ni nani hata kisiupishe?

Wengine watasema kuvumilia ni sehemu ya ibada, kwani hata kufunga kunaumiza. Sawa, lakini mgonjwa anayeshindwa kufunga Ramadhani ana ruhusa yake, na kanuni za Kanisa Katoliki zinawataka wafunge walio kati ya miaka 18 na mwanzo wa mwaka wao wa 60, si kila mtu. Tena mfungaji anafunga kwa ajili ya Mungu, ilhali anayebana vidole vyake anafanya hivyo kwa ajili ya benchi la nyuma. Papa Fransisko, alipochaguliwa mwaka 2013, aliviacha viatu vyekundu vya kipapa akaendelea na vyake vyeusi vya kawaida, na hakuna Misa iliyopungukiwa kitu kwa sababu hiyo.

Pingamizi la mwisho ni la fedha, na hilo linanigusa zaidi. Viatu maalumu ni ghali, na chuo kinachofundisha mafundi wa viungo bandia na vifaa vya kusaidia miguu, TATCOT, kiko Moshi tangu 1981, mbali na Kagera. Isitoshe, kiatu cha hospitali kina aibu yake. Walioshughulika na ukoma walijifunza kwamba kandambili za pekee ziliwaokoa watu nyayo huku zikiutangaza ugonjwa wao, na wengi wakaziacha uvunguni. Ndiyo maana nadhani jibu liko kwa fundi viatu wa kando ya barabara zaidi kuliko tunavyofikiri. Mguu usio na kidonda wala ganzi hauhitaji muujiza. Simama jioni juu ya karatasi, chora mguu kwa penseli, kisha weka kiatu juu ya mchoro. Ukiona mstari umetokeza nje, kiache hata kama kinang'aa namna gani. Fundi anaweza kukipanua kwa kalibu penye kinundu, kupunguza kisigino, kushona kamba ndefu zaidi, kisha akakipiga rangi nyeusi. Lakini mwenye ganzi asiishie kwa fundi. Amwone daktari kwanza, na kila asubuhi aingize mkono ndani ya kiatu kabla ya mguu.

Makanisa ya Kagera yana sababu ya pekee ya kulifikiria jambo hili. Wilayani Muleba, Wakatoliki wana hospitali ya Rubya na Walutheri wana Ndolage. Jumuiya inayosafisha vidonda Jumatatu haipaswi kuvitengeneza Jumapili. Na mahali pa kuanzia ni kwenye kwaya. Kamati hukaa, ikachagua sare, ikaagiza viatu vya namna moja kwa waimbaji wote, kisha mama wa sauti ya pili mwenye miguu iliyovimba anasimama ibada nzima huku akihamisha uzito kutoka mguu huu hadi ule, au anaacha kwaya kimya kimya akisingizia shughuli za nyumbani. Kamati na ichague rangi. Umbo la kiatu imwachie kila mwimbaji, na imwambie hivyo waziwazi kabla fedha hazijachangwa, asilazimike kusimama mbele ya wenzake kueleza ugonjwa wake.