Mama Mchungaji Ni Nani?



Sisi tuliofundisha sarufi miaka mingi twajua wanafunzi wanavyoshangaa wakisikia kwamba kwa Wafaransa meza ni ya kike na kitabu ni cha kiume, na kwamba Mwarabu humwita mwalimu mwanamume mu'allim na mwanamke mu'allima. Waswahili walipolipokea neno hilo walichukua moja tu, likawatosha wote. Kinyamwezi nacho ni hivyo. Baada ya Mtemi Isike kufa mwaka 1893, mwanamke, Nyaso, alishika utemi wa Unyanyembe, na neno mtemi halikuhitaji kugeuzwa.

Je, lugha zetu zina haki kuliko nyingine? Tusijisifu upesi. Tukisoma habari za wapagazi wa njia ya Bagamoyo, Tabora na Ujiji, moyoni twaona wanaume tu, ingawa wanawake nao walikuwamo katika misafara hiyo, na wengine walibeba mizigo. Neno halikuwaficha. Tumewaficha sisi.

Tufungue Warumi 16. Fibi ameitwa kwa Kiyunani diakonos, neno lile lile wanaloitwa viongozi wa kanisa katika Wafilipi 1. Katika Biblia yetu ya Union Version wale ni mashemasi, lakini Fibi ni mhudumu. (Tuwatendee haki watafsiri: hata Paulo wamemwita mhudumu katika Wakolosai 1.) Hata hivyo sarufi haikuwalazimisha, maana shemasi aweza kuwa mwanamume au mwanamke.

Na hapa kwetu? Baba mchungaji ndiye mchungaji mwenyewe. Mama mchungaji ni mkewe. Maneno mawili yamefanana kama mapacha, lakini moja lataja kazi na jingine lataja ndoa. Sasa zipo dayosisi za Tanzania zenye wanawake makasisi, na mwaka 2021 Rose Okeno aliwekwa wakfu kuwa Askofu wa Butere, Kenya. Askofu ni askofu, hapo hatuna shida. Lakini kasisi mwanamke akija kuhubiri nasi tukamkaribisha kwa jina la "mama mchungaji", nusu ya watu watatazama mlangoni wakimngoja mumewe.

Sisi twaona aitwe Mchungaji, basi. Mumewe naye tutamwitaje? Baba mchungaji hawezi kuwa, jina hilo lina mwenyewe. Labda aitwe kwa jina lake alilobatizwa, na wake wa wachungaji nao wakipenda waitwe hivyo.