Nyumba Inayotunzwa na Aliyeichukua

Jirani yangu hapa Malaba, mpakani mwa Kenya na Uganda, ni mjane. Alikuwa na nyumba aliyoipangisha kwa ofisi moja ya umma iwe ya kulaza wageni wake. Mkataba ukaisha, wageni hawakuisha. Alipokwenda kuuliza, akajibiwa: "Mama, si uiangalie nyumba yako? Ina rangi, ina tangi la maji, geti lina mlinzi. Wewe ungeweza?" Kodi anayodai ni nyingi, lakini kinachonichoma mimi ni hilo "wewe ungeweza?"

Umiliki ni haki ya kutumia kitu, kukiuza na kumzuia mwingine asikiguse. Wanasheria wamesema hivyo na mimi sina ugomvi nao. Ninachodai ni kwamba nyumba si kama shamba au lori. Ndani yake kuna haki nyingine, ya kupokea mgeni. Mwenyeji ni yule anayeweza kusema pita ndani, na siku nyingine akasema leo haiwezekani, na akasikilizwa. Ukimwondolea mtu hilo, hati iliyomo sandukuni mwake haimpi uenyeji.

Chukua kasri la Kibweni, kaskazini mwa mji wa Unguja, kwenye pwani ile ile yenye magofu ya Mtoni. Kasri hilo lilijengwa mwaka 1915, enzi za Sultani Khalifa bin Harub. Yalipotokea Mapinduzi ya Januari 1964 serikali ililichukua, na tangu hapo likawa miongoni mwa nyumba za kupokelea wageni wakubwa. Sultani wa mwisho, Jamshid bin Abdullah, alitoroka kwa meli. Aliishi Portsmouth, Uingereza, zaidi ya miaka hamsini, Oman wakimkatalia kuhamia kwao mpaka mwaka 2020, na akafia huko Oman mwishoni mwa 2024. Kwa hiyo kulikuwa na miaka ambayo marais walilala katika kasri la ukoo wake, naye yuko ughaibuni akingoja nchi ya kumpokea. Simlilii. Nasema tu kwamba kilichohama siku ile hakikuwa kuta peke yake.

Hapo ndipo anaposimama mtu wa hoja ninayoichukia. Atakuambia: heri nyumba itumike kuliko ioze. Tazama Mtoni, lilibaki gofu. Tazama Maruhubi, liliungua mwaka 1899 na nguzo zake zikaachiwa mvua. Kibweni limesimama kwa sababu lina kazi. Basi unalalamika nini?

Nalalamika kwamba nimeuliza nyumba ni ya nani, nikajibiwa iko katika hali gani. Hayo ni maswali mawili. Kwa hoja hiyo mwizi wa baiskeli ana haki nayo ilimradi anaitia oili. Tena hata kwa kipimo chake chenyewe haisimami. Beit al-Ajaib, kasri jingine la masultani mjini Unguja, ilikuwa mikononi mwa serikali tangu Mapinduzi, na tarehe 25 Desemba 2020, ikiwa katikati ya ukarabati, sehemu yake iliporomoka na kuua watu wawili. Na ukivuka hapa daraja ukaenda mpaka Mengo, utaonyeshwa Lubiri, ikulu ya Kabaka wa Buganda, iliyovamiwa na jeshi la Obote tarehe 24 Mei 1966. Lubiri haikuachwa ioze, ilifanywa kambi ya askari. Ilitumika kila siku ya Mungu, na chini ya Amin watu waliteswa mle ndani. Matumizi peke yake hayana sifa yoyote.

Kinachonikera zaidi ni kwamba hoja hii hupanda upande mmoja tu wa mizani. Sheria ya Kenya inasema ukikaa wazi kwenye ardhi ya mtu binafsi miaka 12 bila ruhusa yake, naye akanyamaza, unaweza kuidai iwe yako. Ardhi ya serikali haimo. Jaribu basi kuhamia katika nyumba ya serikali iliyotelekezwa, uipake rangi, uiwekee tangi, halafu umngoje askari na kumwuliza: nyinyi mngeweza? Uzembe wa mnyonge ni kosa linalomnyang'anya mali. Uzembe wa mkubwa ni subira ya bajeti. Na jirani yangu hata hakuzembea, alikuwa amepangisha.

Wapo wenye hoja za haki zaidi. Wanasema serikali ni wananchi, hivyo Kibweni limerudi kwa wenyewe. Nami nakubali nusu, maana mwananchi wa Bububu hawezi kumwalika shemeji yake alale pale. Wanasema pia kwamba utajiri wa usultani ulitokana na jasho la watumwa kwenye mikarafuu. Kweli kabisa, lakini hiyo ni hoja ya haki, si ya rangi na tangi.

Mimi humwelewa mwenyeji kupitia lojingi za hapa mpakani, na mwenye kuchoka aniruke. Dereva wa trela ameachwa kwenye foleni, anaingia saa nne usiku. Kaunta kuna daftari lenye mistari ya jina, kitambulisho, unatoka wapi, unaenda wapi. Analipa kwanza. Anakabidhiwa sabuni ndogo, ndara zisizolingana na ufunguo uliofungwa kwenye kipande cha mbao ili asiondoke nao mpaka Kampala. Chumba kinaweza kuwa na kunguni, lakini hakuna utata kuhusu nani anampokea nani. Mama wa kaunta akisema kumejaa, kumejaa.

Lakini kipimo hicho kina pa kukwamia. Si mbali na hapa, kwa Nabongo (mfalme) Mumia wa Wanga, misafara ya Waswahili wa pwani ilikuwa ikitua mizigo. Askofu Hannington aliacha sehemu kubwa ya msafara wake huko mwaka 1885, akasonga mbele akauawa Busoga. Baadaye Waingereza walifanya kwake makao ya utawala, na mwaka 1909 wakampa Mumia cheo cha chifu mkuu. Mwaka 1920 wakahamishia ofisi zao Kakamega. Je, alipowapokea angeweza kukataa? Ikiwa hangeweza, kipimo changu kinamvua uenyeji mtu ambaye kila mzee wa hapa anamwita mwenyeji wa wenyeji.

Na Zanzibar mambo hunizidia. Kabla Sayyid Said, sultani wa Oman, hajahamia Unguja, kisiwa kilikuwa na mtawala wake, Mwinyi Mkuu, ambaye baadaye alibaki na kasri la Dunga na madaraka yaliyozidi kupungua mpaka wa mwisho alipofariki mwaka 1873. Nikimtetea aliyeporwa mwaka 1964, Mwinyi Mkuu ananiuliza nilikuwa wapi zamu yake. Nikianzia kwake, atatokea mwingine nyuma yake. Mtu wa hoja ya rangi na tangi hupenda sana tukifika hapa, maana anadhani mnyororo mrefu wa wanyang'anyi humpa yeye ruhusa. Haumpi. Lakini ni pete ipi ya mnyororo huo nikate, na kwa haki gani nikatie hapo na si nyuma yake, bado sijapata kwa kushika.