Mapumziko ya Nani?



Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake. Ama baada ya hayo:

Ifikapo siku ya mapumziko, ikiwa ni Idi au sikukuu ya serikali, kazi hufungwa na kila mtu husema, "Leo napumzika." Lakini yatupasa tujiulize: katika nyumba zetu, ni nani hasa apumzikaye? Mume huamka akanywa chai, akatoka kwenda barazani hata adhuhuri. Akarudi akala, akalala. Alasiri akatoka tena. Mkewe, siku hiyo hiyo, ameamka kabla ya alfajiri kukanda unga wa mahamri, amekuna nazi, amepikia wageni, ameosha masufuria, na usiku yu macho bado akikunja nguo za watoto. Basi mapumziko ya mmoja yamekuwa mzigo wa mwingine.

Wako wasemao kwamba kazi ya nyumba humvunjia mwanamume heshima yake. Twawauliza: neno hili mmelitoa wapi? Ikiwa ni katika mila, mila si hoja juu ya dini. Na ikiwa ni katika dini, haya tuitazame dini. Bibi Aisha, Mungu amwie radhi, aliulizwa Mtume alikuwa akifanya nini nyumbani. Akaeleza kwamba alikuwa akiwahudumia watu wa nyumba yake, na wakati wa Sala ufikapo hutoka kwenda kusali. Imam Bukhari, aliyefariki mwaka 256 wa Hijra, ameipokea habari hii katika Sahihi yake, na katika Kitabu cha Nafaka akaiwekea mlango wake wa mwanamume kuwahudumia watu wake. Na katika mapokezi ya Imam Ahmad imetajwa kwamba alikuwa akishona nguo yake na kutengeneza viatu vyake. Huyu alikuwa kiongozi wa umma, kadhi wao na amiri wa majeshi yao, wala hakuona aibu kushika sindano. Je, sisi tuna cheo gani kipitacho chake?

Na siku ya Idi, Wahabeshi walipocheza kwa mikuki na ngao msikitini Madina, Mtume alisimama akimsitiri Bibi Aisha apate kutazama, wala hakuondoka mpaka bibi mwenyewe alipotosheka. Hivyo ndivyo alivyowapa watu wake fungu lao katika siku ya furaha.

Basi siku ya mapumziko na itazamwe nyumba. Uko mfereji udondokao maji usiku kucha, nasi tumekatazwa israfu. Iko bawaba iliyolegea, na rafu ya vitabu iliyoingia vumbi, na mchele unaotaka kuchaguliwa. Baba na azishike kazi hizi pamoja na wanawe wa kiume. Kijana amwonaye baba yake akiosha vyombo amekwisha kupata somo, na kesho hatamkalia dada yake kitako akingoja kufuliwa kanzu.

Lakini tujihadhari na mambo matatu. La kwanza ni masimbulizi. Qur'ani imetukataza kuzibatilisha sadaka zetu kwa masimbulizi na maudhi. Basi mtu akifagia ua mara moja kisha akautangaza mwezi mzima, asitaraji kuwa amebakiwa na ujira. La pili ni Sala. Mtume aliacha kazi wakati ulipofika. Wala kazi ya nyumba si udhuru wa kuikosa jamaa msikitini. La tatu ni haki za watu. Kukaa nyumbani si kujifungia: wako jamaa wa kuzuriwa, na pengine yuko jirani mjane ambaye paa lake lavuja na hana wa kulipanda. Nyundo ikishamaliza kwako, ipeleke kwake.

Ndugu zetu, huenda mke asinung'unike maisha yake yote. Lakini kunyamaza kwake si ushahidi kwamba hakuchoka, na kila mchunga ataulizwa juu ya alichokichunga. Anayetaka kujua kama anaifuata Sunna, asitazame urefu wa kanzu yake peke yake. Na atazame pia mikono ya mkewe.

Mwenyezi Mungu atuwafikishe, azitie rehema nyumba zetu, na azijaalie siku zetu za furaha ziwe furaha kwa wote waliomo. Amin.