Dhamana na Aibu ya Kitu

Ziweke Porsche 911 Carrera mbili bega kwa bega katika yadi ya magari yaliyotumika nchini Marekani. Rangi moja, umbo karibu lile lile, kilomita zinakaribiana. Mpita njia hatazitofautisha. Mnunuzi anayezijua huinama na kutafuta namba ya chesisi. Ina herufi na tarakimu 17, na ile ya kumi ndiyo hutaja mwaka wa modeli: 8 ni 2008, 9 ni 2009. Kwa alama hiyo moja, bei ya magari mawili yanayofanana kama pacha huachana.

Safari hii mwaka una haki ya kusikilizwa. Injini za Carrera zilizotangulia zilikuwa na shafti ya kati inayobebwa na beringi, na beringi hiyo ikivunjika huweza kuua injini nzima bila onyo. Wenye magari yaliyotengenezwa kati ya 2001 na 2005 walifika hadi mahakamani Marekani, na kesi yao ya pamoja ikamalizika kwa suluhu mwaka 2013. Baadaye beringi ilikuzwa ikawa imara zaidi. Kisha, kuanzia modeli ya 2009, Carrera ikapewa injini mpya isiyo na shafti hiyo kabisa. Anayelipa zaidi kwa tarakimu 9 hanunui ujana wa gari. Ananunua usingizi wake wa usiku.

Lakini si kila mwaka hubeba habari ya namna hiyo. Mwaka wa modeli wenyewe haufuati kalenda: gari linaweza kutoka kiwandani miezi kadhaa kabla ya Januari likiwa tayari limeandikwa la mwaka ujao. Pale ambapo hakuna kilichobadilika ndani, gari la “mwaka jana” hushuka bei ingawa chuma chake ni kile kile. Katika bandari ya Mombasa mwaka huwa mlango: gari lililotumika lenye umri wa zaidi ya miaka 8 halikubaliwi kuingizwa Kenya, hata likiwa limetunzwa kama yai. Mwaka ni kipimo cha mtu asiyeweza kuona ndani, na ndani ndiko kwenye kila kitu.

Mchumi George Akerlof alilishika jambo hili katika makala yake ya mwaka 1970 kuhusu soko la magari yaliyotumika. Majarida matatu yaliikataa kabla haijachapishwa. Mwaka 2001 ilimpatia sehemu ya Tuzo ya Nobel. Hoja yake inaeleweka na kila dalali: muuzaji analijua gari, mnunuzi halijui. Kwa kuwa hajui, mnunuzi hutoa bei ya wastani, kama kwamba kila gari huenda lina walakini. Mwenye gari zuri huona anapunjwa, hulirudisha nyumbani. Sokoni hubaki mabovu.

Dawa mojawapo aliyoitaja Akerlof ni dhamana. Porsche mpya nchini Marekani hutoka na dhamana ya miaka 4 au maili 50,000, yaani kama kilomita 80,000, na kinachosalia humfuata mnunuzi wa pili. Ndiyo maana gari lililobakiwa na mwaka mmoja wa dhamana huuzwa kwa urahisi kuliko pacha wake ambaye dhamana yake imekwisha juzi. Kati ya juzi na leo hakuna msumari uliolegea. Kilichotoweka ni ahadi.

Katika Kiswahili, thamani na dhamana husikika kama ndugu. Kwa asili si ndugu, kila neno lilitoka Kiarabuni kwa mzizi wake, ila sokoni yameoana. Na ndoa hiyo inazaa swali ambalo bei haiwezi kulijibu: ikiwa kuna karatasi inayoahidi kulipa hasara, je, muuzaji bado anawajibika kusema anachokijua?

Swali hili ni la kale. Mwandishi wa Kirumi Cicero, mwaka 44 kabla ya Kristo, alisimulia habari ya mfanyabiashara aliyepeleka nafaka kisiwani Rhodes wakati wa njaa, huku akijua meli nyingine zilizosheheni ziko njiani. Awaambie wenyeji, au anyamaze auze ghali? Mwanafalsafa Diogenes wa Babylon alisema kutokutoa habari si sawa na kudanganya. Antipater, mwanafunzi wake, alisema binadamu wana deni la kuambizana. Cicero alisimama na mwanafunzi.

Uislamu ulilifikia jambo hilo hilo kwa mkono. Hadithi inaeleza jinsi Mtume Muhammad (S.A.W.) alivyopita sokoni, akapenyeza mkono katika rundo la chakula, vidole vikakuta unyevu. Muuzaji akasema ni mvua. Mtume akamuuliza kwa nini hakuweka kilicholowa juu, watu wakione. Wanazuoni wa fikihi wakajenga juu ya misingi kama hiyo haki ya mnunuzi kurudisha kitu chenye kasoro iliyofichwa, khiyari ya aibu. Khiyari ni jamaa wa hiari. Na aibu, kwa Kiarabu, ni kasoro ya kitu. Waswahili tuliichukua kasoro ya bidhaa tukaivika uso wa mtu, na tulifanya vyema, kwa sababu kasoro inayojulikana na kufichwa huhama kutoka kwenye kitu ikakaa kwa mwenyewe.

Je, muuzaji akisema mapema “nauza kama lilivyo”? Marekani, sheria ya tangu 1985 humtaka mfanyabiashara wa magari yaliyotumika kubandika dirishani tangazo la kama gari lina dhamana au halina. Imam Shafi'i, ambaye madhehebu yake ndiyo yameenea pwani ya Afrika Mashariki, aliibana zaidi kinga ya maneno hayo: alikubali muuzaji ajivue lawama kwa mnyama, tena kwa kasoro ya ndani ambayo yeye mwenyewe hakuijua. Mnyama hula akiwa mzima na hula akiwa mgonjwa. Ugonjwa wake hauonekani. Ambacho muuzaji anakijua, maneno hayakifuti.

Gari la spoti ni mnyama wa aina hiyo. Hung'arishwa likawaka, ilhali wikiendi lilikuwa uwanja wa mbio likikamuliwa. Ila kompyuta ya injini ya Porsche hukumbuka: huhesabu mara ambazo injini ilizungushwa kupita kiwango, na katika saa ya ngapi ya uhai wake. Mafundi husoma kumbukumbu hiyo kabla ya kulipitisha gari lililotumika kwa dhamana ya pili. Muuzaji anayeijua hawezi kujificha nyuma ya cheti. Dhamana hulipia beringi. Haimrudishii mnunuzi nafasi ya kuamua akiwa anajua, na nafasi hiyo ilikuwa mali yake.

Hivyo karatasi ya kumbukumbu ya injini na itangulie. Ilazwe juu ya boneti kabla ya cheti cha dhamana na kabla bei haijatajwa, kama nafaka iliyolowa ikipandishwa juu ya rundo, na mnunuzi aachwe aisome mstari kwa mstari.