Toba ya Mfalme Nebukadreza

Huko Italia alikuwako mtunzi wa muziki aitwaye Giuseppe Verdi, aliyezaliwa mwaka 1813. Tarehe 9 Machi 1842, katika mji wa Milano, ilichezwa kwa mara ya kwanza opera yake iitwayo Nabucco. Opera ni mchezo ambao watu wake huimba maneno yao badala ya kuyasema. Maneno ya mchezo huo aliyatunga Temistocle Solera, na habari zake ni za Wayahudi waliohamishwa mpaka Babeli. Nabucco ndiye Nebukadreza tumjuaye sisi.

Watu wausifu hasa wimbo wa mateka, walipokuwa ukingoni mwa mto Frati wakiikumbuka nchi yao. Na wausifu kwa haki. Lakini mimi nataka kuuliza neno juu ya mfalme.

Katika mchezo, mfalme ajifanya kuwa Mungu, radi yampiga, taji laanguka, akili zampotea. Halafu amwomba Mungu wa Israeli, naye apona. Na mara awafungua mateka, awaambia warudi kwao wakajenge hekalu. Danieli hatuelezi hivyo. Kwake mfalme ala majani kama ng'ombe, kisha ainua macho mbinguni, akili zamrudia, amhimidi Aliye Juu, na enzi yake yazidi kuliko kwanza. Na mateka je? Katika sura hiyo hawatajwi kabisa.

Basi, ile ilikuwa toba, au shukrani ya mgonjwa aliyepona? Watunzi wale wa Milano, nadhani, hawakuweza kuvumilia kumwona mtu akimsifu Mungu huku funguo za gereza zi mkononi mwake. Zakayo naye, alipompokea Bwana, hakuishia kwenye sifa: alitaja mali ya maskini, na kurudisha mara nne.

Yuko atakayejibu kwamba Yeremia alikwisha kutabiri miaka sabini, hivyo mfalme hakuwa na uwezo wa kuifupisha. Jibu hili halinitoshi. Usaliti wa Yuda ulitabiriwa pia, wala haukumwondolea hatia. Tena Danieli alikuwa amemshauri mfalme waziwazi, kabla ya wazimu, aache dhambi zake kwa kutenda haki na kuwahurumia maskini. Na ni maskini gani waliokuwa karibu naye kuliko wale aliowatoa Yerusalemu kwa nguvu, baada ya kuuteketeza mji mwaka 586 kabla ya Kristo?

Pengine alitenda mema ambayo hayakuandikwa; siwezi kumhukumu moyoni. Lakini alikufa mwaka 562, na mateka walikuwa wangali Babeli. Ruhusa ya kurudi waliipata kwa Koreshi Mwajemi, mwaka 538. Na msingi wa hekalu ulipowekwa, asema Ezra, wazee walioiona nyumba ya kwanza walilia kwa sauti kuu, hata watu wasiweze kupambanua kilio chao na kelele za furaha.