Nani Mwenye Mtoto?

Hapa Malolo tukimaliza kujaza magunia ya vitunguu hukaa kivulini tukabishana. Juzi mzee mmoja aliuliza: mzazi aweza kumtoa binti yake kwa Mungu, kama atoavyo jogoo wa nadhiri? "Kuna ubaya gani?" akadakia mwingine. "Si kapewa Mungu!"

Nikawaeleza habari za Bara Hindi. Kule wasichana waliozwa kwa mungu wa hekalu, wakaitwa devadasi, yaani watumwa wa kike wa mungu. Yapata mwaka 1014, Mfalme Rajaraja wa Kwanza aliandikisha katika mawe ya hekalu la Thanjavur wanawake kama 400 waliopelekwa kutumika pale. Tusidanganyane, wengine waliheshimika. Walijua kusoma, kuimba na kucheza, hata mali walimiliki. Lakini wafalme walipoondoka na fadhila zao ziliondoka. Kwa Yellamma, kule Karnataka, waliotolewa wengi wakawa mabinti wa tabaka la chini kabisa, wale walioitwa wasioguswa. Mume ni mungu, lakini abishaye hodi usiku ni tajiri wa kijiji.

Daktari Muthulakshmi Reddy, ambaye mama yake alitoka katika jamii hiyo hiyo, alipigania jambo hili likomeshwe. Madras ikapiga marufuku mwaka 1947, Karnataka 1982. Ajabu ni kwamba ngoma yao ilichukuliwa na watu wa tabaka la juu ikawa sanaa ya kujivunia. Wenyewe wakaachiwa aibu.

Je, sisi tuwacheke? Zamani njaa ilipobana, wapo waliowaweka watoto rehani. Na Sheria ya Ndoa ya 1971 iliruhusu binti wa miaka 15 aozwe kwa idhini ya mzazi. Katika kesi ya Rebeca Gyumi, Mahakama Kuu ilisema mwaka 2016 kuwa kifungu hicho kinakiuka Katiba. Mahakama ya Rufani ikakubali mwaka 2019.

Mimi naona hivi: sadaka ni kile kinachomuuma mtoaji. Nikitoa jogoo, nimekosa kitoweo mimi. Nikimtoa binti, anayelipa ni yeye, na thawabu nazoa mimi. Hiyo si sadaka, ni deni langu nimemtwika mwingine. Tena kama ni heshima kweli, mbona matajiri hawakugombania kutoa wa kwao?

Mzee akanyamaza. Sote tunajua ana binti wa darasa la saba, na mwenye lori la vitunguu keshaleta barua ya posa.

"Umemuuliza mwenyewe?" nikasema.

Akainuka, akajitwisha gunia lake. Hadi leo hajanijibu.