Mkono Unaowalisha Ndege

Mwezi wa Machi huko Uingereza baridi haijaaga, ingawa mchana umeanza kurefuka. Mbegu za vichakani zimekwisha, na wadudu bado ni haba. Ndipo mwenye bustani atundikapo kikapu cha waya chenye karanga na mbegu za alizeti, akakaa nyuma ya dirisha kutazama. Huja ndege mdogo wa buluu na manjano, uzito wake yapata gramu 11 tu. Huja na chiriku wa kijani, mgomvi wa mezani, asiyependa kumpisha mwenzake.

Nani atamlaumu mtu huyo? Amemlisha mwenye njaa wala hakudai malipo, nasi twasema kwa desturi ya kuwa tendo hupimwa kwa nia.

Lakini tangu mwaka 2005 ugonjwa umewashika chiriku hao. Kijidudu kisichoonekana kwa macho hukaa kooni mwa ndege na kumzuia kumeza, hata akafa kwa njaa, chakula ki mbele yake. Huambukizwa kwa mate yaliyobaki katika chakula na maji. Na ndege wengi wala pamoja wapi, kama si katika bustani ya mtu mwema? Chiriku wa kijani wamepungua kwa zaidi ya nusu, na mwaka 2021 waliandikwa katika orodha nyekundu ya ndege walio hatarini nchini humo.

Je, mtu huyo alitenda vibaya? Alipokuwa hajui, hana hatia. Hilo si gumu. Ugumu waanza siku alipopata habari. Wajuzi wa ndege wamwambia aoshe kikapu walau mara moja kwa juma, abadili maji kila siku, na akiona ndege mgonjwa aache kulisha kwa muda. Kazi yenyewe ni brashi na maji ya baridi, wala hakuna wa kumsifu. Hapo ndipo ajiulize: alikuwa akimlisha ndege, au akiyalisha macho yake? Sisemi kwamba furaha ya macho ni kosa. Pasipo hiyo, pengine asingetundika kitu.

Tuseme asubuhi moja aona chiriku wawili wamevimbisha manyoya, hawaruki hata akiwakaribia. Akikiteremsha kikapu, kesho dirisha lake litakuwa tupu, na jirani atadhani amechoka kutoa.